Safu Tatu za Baba Mkubwa

Baba Mkubwa alipoacha jeshi, kitu cha kwanza kilichobadilika nyumbani kwetu ni wanga. Kwa miaka minane nilikuwa nachemsha sufuria ya wanga kila Jumapili, nauchuja kwa kitambaa, nachovya sare zake, naanika, halafu napiga pasi mpaka suruali inaweza kusimama yenyewe. Siku aliyorudisha sare aliniambia nisitie wanga tena, kwa kuwa raia hawavai nguo ngumu. Nikampigia pasi shati laini la maua madogo. Alilivaa, akajitazama kwenye kioo cha ukumbini, akageuka upande huu na upande ule, kisha akaniita.

"Tia kidogo kwenye kola," alisema. "Kola tu."

Yeye ni kaka mkubwa wa baba yangu. Alifika cheo cha kanali, na mtaani kwetu wote walimwita hivyo hivyo, Kanali, kama hakuwahi kupewa jina na mama yake. Mimi nililetwa kwake baba alipofariki. Nilikuwa darasa la sita, na hilo darasa sikulimaliza. Watoto wao wenyewe walikuwa wameshaoa na kuolewa, wako mbali, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: yeye, Mama Mkubwa na mimi. Wa nne alikuwa Sajini, aliyekuwa dereva wake kwa miaka kumi na saba. Sajini alistaafu kabla yake, akakaa kwake miezi miwili, akarudi kuomba aendeshe tena gari. Alisema nyumbani kwake hakuna anayemwambia twende.

Ofisi ya Baba Mkubwa ilikuwa chumba kidogo kilichokuwa stoo zamani. Ukiingia humo, kabla hujafungua mdomo, alikuuliza swali moja: "Nani amekutuma?" Hakuwa na hasira. Ndivyo alivyofundishwa. Jeshini neno halitembei peke yake, lazima liwe na mwenyewe, na uzito wa neno ni cheo cha aliyelituma. Mimi nilikuwa na jibu lile lile siku zote: Mama Mkubwa amenituma, chai iko tayari. Mama Mkubwa amenituma, kuna mgeni. Kwa mtu kama mimi utaratibu huo ulikuwa mzuri. Sipendi kusema. Watu wakinitazama nikisema, ulimi wangu unakuwa mzito na maneno yanatoka machache kuliko nilivyokusudia. Kubeba neno la mwingine ni rahisi kuliko kutoa lako.

Alitangaza habari ya ubunge mezani, saa saba na nusu mchana, tukiwa tunakula.

"Nimeacha jeshi miaka miwili kabla ya muda wangu," alisema. "Leo nimechukua fomu ya chama. Kura ya maoni ni mwezi ujao. Nikipita hapo, uchaguzi mkuu si tatizo."

"Na usipopita?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Jeshini harudi mtu aliyetoka."

"Hilo najua. Nauliza usipopita, utakuwa unakaa hapa nyumbani? Mchana wote?"

"Ndiyo."

Mama Mkubwa aliweka kijiko chini. "Basi nitakupigia kampeni mimi mwenyewe," alisema. "Nyumba kwa nyumba."

Alikuwa anatania, lakini wote tulielewa. Kwa mwezi mmoja na nusu tangu arudishe sare, Baba Mkubwa alikuwa amekwisha kupanga upya vyombo vya jikoni kwa ukubwa, amepaka rangi mawe ya njia ya kuingilia, na amemwandikia mlinzi wa jirani zamu. Alilala mchana na kuamka akiwa na uso wa mtu aliyechelewa mahali. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye kitanda, ameshika mkanda wa zamani wa sare, anausugua kwa kitambaa, na mkanda wenyewe ulikuwa unang'aa tayari. Alipoipata ile fomu alianza tena kuamka saa kumi na moja alfajiri na kunyoa ndevu akiimba kwa mluzi.

Wagombea walikuwa watatu. Mmoja alijitoa mapema. Aliyebaki alikuwa mwanamke mwenye mashine ya kusaga nafaka nyuma ya soko. Tulimwita Mama Mashine.

"Mwenye mashine ya unga," alisema Baba Mkubwa, akamwangalia Sajini.

"Mwenye mashine ya unga, afande," alisema Sajini.

Wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Mimi nilimfahamu Mama Mashine vizuri kuliko wao, maana kila wiki nilipeleka mahindi kwake. Pale kuna mstari wa ndoo tangu asubuhi. Unaweka ndoo yako nyuma ya ya mwenzako, unakaa kivulini ukutani. Ukitaka kurudi nyumbani kuangalia moto, unarudi, na nafasi yako haiguswi. Ndoo inasukumwa mbele na yeyote aliye karibu. Mstari ule haunyooki hata siku moja. Unapita kwenye mlango wa mashine, unazunguka gari bovu lisilo na magurudumu, unapita mbele ya fundi viatu, unaishia unapoishia. Mama Mashine yuko mlangoni na leso kichwani, nyusi nyeupe kwa unga, anapokea ndoo na kuuliza habari za mgonjwa wako. Anajua nani anataka unga laini na nani anataka wa chengachenga. Tangu siku ya pili hakuniuliza tena. Alikuwa anapokea ndoo yangu, anasema, "Laini, kwa Kanali," na mimi natikisa kichwa tu. Ni sehemu chache ambazo niliwahi kwenda nikarudi bila kulazimishwa kusema neno.

Baada ya majina kutangazwa, fundi viatu alinianza.

"Mtoto wa Kanali! Umepanga foleni na sisi raia? Kwenu hakuna helikopta ya kuleta unga?"

Watu wakacheka. Nikatazama ndoo yangu.

"Mwache dada wa watu," alisema mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Anachukua siri za adui."

"Achukue," alisema Mama Mashine kutoka mlangoni, kwa sauti ya juu ili ashinde kelele ya mashine. "Mwambie Kanali mimi silaha zangu ni chekecheke mbili, na moja ina tundu."

Sikumwambia. Hakunituma, alikuwa anatania.

Mikutano ya Baba Mkubwa niliihudhuria yote, nikikaa kiti cha nyuma cha gari na shati la pili kwenye hanga, kwa sababu alitoka jasho sana na hakukubali kushuka mahali pa pili na shati lenye mikunjo. Mkutano wa kwanza uliandikwa saa tisa. Saa tisa kamili alipanda jukwaani. Walikuwapo watu saba na mwenye kukodisha viti. Sajini alinong'ona kwamba labda tuwangoje kidogo, afande, watu wanakuja.

"Saa tisa ni saa tisa," alisema Baba Mkubwa, akaanza kuhutubia viti.

Alisema vizuri. Alikuwa na mambo manne: barabara, maji, zahanati, na vijana kukosa kazi. Kila jambo alilipa dakika kumi. Watu walianza kuingia alipofika kwenye zahanati, na uwanja ulikuwa umejaa alipofika kwenye vijana. Waliochelewa walikuwa wanaulizana kuna nini. Saa tisa na dakika arobaini akamaliza.

"Kuna swali?"

Watu mia mbili walikaa kimya. Wengi hawakujua walikuwa waulize nini, maana hawakusikia kitu.

"Hakuna swali. Maana yake tumeelewana," alisema, akashuka.

Ndani ya gari alivua shati, nikampa lile jingine.

"Wameelewa," alisema.

"Wameelewa sana, afande," alisema Sajini.

Mimi nilikunja shati lililoloa. Nilijua ukimya ule ulikuwa wa aina gani, kwa sababu ukimya ndio kitu ninachokijua. Kuna wa kukubali, kuna wa kuogopa, na kuna wa kungoja mtu mwingine aanze. Lakini sikuulizwa.

Hata hivyo hesabu zake hazikuwa mbaya. Waliokuwa jeshini zamani ni wengi mjini kwetu. Wapo walinzi, madereva, wauza vyuma chakavu, na wote wana wake na shemeji. Baba Mkubwa aliwatafuta mmoja mmoja. Aliwakumbuka kwa vikosi vyao na mwaka waliojiunga. Mzee mmoja mlinzi wa benki alilia alipoitwa kwa namba yake. Kila aliyekubali alikwenda kujiandikisha chamani na kupata kadi, na mimi pia nilipewa kadi. Wiki moja kabla ya kura, Sajini alikuwa na majina mia tatu sabini yaliyothibitishwa, na kila tukipita mtaani tuliambiwa kwamba Mama Mashine hana orodha yoyote.

Siku nne kabla, chama kikatangaza kwamba safari hii hakutakuwa na karatasi za kura. Karatasi zilileta ugomvi mara iliyopita. Kura ingekuwa ya mlolongo. Mgombea anasimama, wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake, msimamizi anahesabu vichwa.

Barua ya chama ilisomwa sebuleni kwetu saa kumi alasiri, mbele ya wazee kumi na wawili waliokuwa jeshini. Baba Mkubwa aliisoma mara mbili. Kisha alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Alipiga paja lake kwa kofi na kucheka mpaka akatoa miwani.

"Kupanga mstari!" alisema. "Jamani! Wameamua kutuachia."

"Wangesema mashindano ya kusaga, tungeogopa," alisema mlinzi wa benki.

Wote walicheka. Mama Mkubwa alicheka pia, mlangoni, na mimi nilicheka nikiwa nyuma yake na sinia la vikombe.

Siku yenyewe nilipiga pasi kuanzia saa kumi na moja. Shati jeupe, suruali ya kijivu. Baba Mkubwa aliitazama kola, akasema leo tia wanga shati zima. Nilitia.

Kura ilipigwa kwenye uwanja wa shule. Mbele kulikuwa na meza ya msimamizi, mwanamume mwembamba mwenye filimbi shingoni na kipaza sauti kinachokwaruza. Mbele ya meza, vigingi viwili vyenye rangi, umbali wa hatua thelathini kati yake. Upande mmoja wa uwanja kuna uzio wa waya, na upande wa nyuma kabisa, mbali, vyoo vya shule na baada ya vyoo lango la nyuma. Msimamizi alisoma masharti. Mgombea asimame kwenye kigingi chake akitazama meza. Asigeuke kuwatazama wapiga kura wala kuwapungia, watu wasije wakaona wanatishwa. Filimbi ya kwanza watu wanaanza kupanga. Wanayo nusu saa, na mtu anaweza kuhama. Filimbi ya pili, aliyepo kwenye mstari amepiga kura, na asiyekuwepo hana kura.

Baba Mkubwa alikwenda kwenye kigingi chake, akasimama mguu sawa, mikono imenyooka kwenye mshono wa suruali. Mama Mashine alikwenda kwenye chake na ndoo. Aliigeuza, akaikalia.

Filimbi ikalia.

Watu wa Baba Mkubwa hawakukimbia. Walitembea. Mlinzi wa benki alikuwa wa kwanza, akasimama nyuma ya Kanali hatua tatu. Aliyefuata hakusimama nyuma yake. Alisimama kushoto kwake, bega kwa bega. Wa tatu akasimama kushoto kwa wa pili. Wa nne ndiye aliyekwenda nyuma ya wa kwanza. Hakuna aliyewaambia. Mtu aliyefundishwa kujipanga akiwa na miaka kumi na tisa hapangi safu moja kama anangoja unga. Anapanga safu tatu, anapima umbali kwa mkono, anatazama kichwa cha mbele. Wake zao na shemeji zao walipofika, Sajini aliwapanga vivyo hivyo.

"Mama, sogea kidogo kulia. Hapo. Mfunike aliye mbele yako."

"Nimeolewa na jeshi miaka thelathini," alisema Mama Mkubwa, akisogea, "leo ndiyo nimeandikishwa."

Mimi sikuwa nimeingia bado. Nilikwenda kusimama kwenye uzio, maana sikutaka kupita mbele ya watu wote uwanja ukiwa mtupu. Nilijisemea ngoja wajae kwanza, nitajipenyeza mwisho. Pale uzioni nilikuta watu wengi, kama mia mbili hivi. Hawakuwa wa Kanali wala wa Mama Mashine. Walikuwa wamekuja kuona.

"Tuangalie kwanza upepo," alisema kinyozi wa njia panda. "Mtu huwezi kwenda kusimama kwa anayeshindwa, halafu kesho unakutana na aliyeshinda."

"Na wote wanakuona," alisema mwenzake.

"Ndiyo hapo. Karatasi ilikuwa na adabu zake."

Nikatazama uwanja kutoka pale waliposimama wao, na nikaona walichokuwa wanakiona.

Mstari wa Mama Mashine ulikuwa kama ule wa kila siku. Mtu mmoja nyuma ya mmoja, wengine wamekaa chini, wengine wanazungumza wamegeukiana, katikati umepinda kukwepa dimbwi. Ulikuwa mrefu. Wa Baba Mkubwa ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, na ulikuwa nusu ya ule. Kutoka ubavuni, safu ya karibu iliwafunika wale wa katikati na wale wa mbali, bega na bega, kichwa na kichwa. Walikuwa wamejipanga vizuri mno. Ulikuwa unaona mtu mmoja mahali walipokuwa watu watatu.

"Ah," alisema kinyozi. "Kanali ana watu hawa tu?"

"Nilidhani ana watu."

"Maneno ya mtaani."

Kule kwenye kigingi chake, Mama Mashine hakugeuka, sharti alilishika. Ila aliuliza kwa sauti akitazama meza: "Jamani, mkia umefika wapi?"

Swali likapita kwenye mstari, mdomo kwa mdomo, na jibu likarudi na vicheko: "Umefika chooni!"

"Basi waliobanwa wajisaidie, tusipoteze kura," alisema.

Uzioni walicheka. Watu kumi hivi wakaondoka kwenye uzio, wakaenda kwenye mkia ule. Kisha wengine.

Nilijua hesabu, nilikuwa nimeisikia mezani wiki nzima: mia tatu sabini. Kwenye mstari ule mrefu hawakufika mia mbili na hamsini. Baba Mkubwa alikuwa anaongoza, na alikuwa hajui kwamba watu wanamkimbia wakidhani ameachwa. Kilichotakiwa ni amri moja tu, safu tatu ziwe moja, na mkia wake ungepita vyoo na kutoka langoni.

Nilitoka uzioni, nikaenda kwa Sajini. Nilimwambia taratibu, maana sijui kusema vingine. Nilimwambia kutoka pale mstari unaonekana mfupi, watu wanahama, awapange mmoja mmoja.

Sajini alitazama safu zake. Alizitazama kwa mapenzi.

"Mfupi? Wako sawa kabisa hawa."

"Kwa kutazama kutoka uzioni, Sajini."

Akayafikiria maneno yangu. Si mtu mjinga. Nadhani aliona ninachosema. Lakini alitikisa kichwa. "Kubadili mpango mbele ya Kanali, bila amri ya Kanali, siwezi. Mwambie mwenyewe. Akitoa amri, dakika mbili nimemaliza."

Kutoka nyuma hadi kigingini ni mbali kama huna desturi ya kutazamwa. Nilitembea pembeni ya safu. Niliona viatu vyote vimesuguliwa. Mama Mkubwa aliniuliza kwa macho, nikapita. Nilipofika nilisimama ubavuni kwa Baba Mkubwa. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye kola, lakini wanga ulikuwa umeshika.

"Baba Mkubwa."

Hakugeuza kichwa. Macho yalikuwa mezani. "Nani amekutuma?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi baadaye. Ningesema Sajini, na lisingekuwa uongo mkubwa, maana Sajini alisema nenda. Ningesema Mama Mkubwa, kama siku zote. Lakini pale nilikuwa nimebeba neno langu, la kwanza nililowahi kumpelekea, na niliulizwa ni la nani.

"Hakuna aliyenituma," nilisema.

"Basi rudi kwenye mstari."

"Baba Mkubwa, watu uzioni wanaona..."

"Rudi kwenye mstari, mwanangu. Taratibu. Usikimbie."

Alisema kwa upole. Alidhani nimeogopa kelele. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa ameinua macho, ananitazama, na watu wa mstari wa Mama Mashine walikuwa wananitazama pia, na ulimi wangu ukawa mzito. Nikarudi. Sikukimbia. Nilipopita, uzio ulikuwa umebaki na watu wachache. Kinyozi alikuwa amekaa nyuma ya vyoo, kwenye mkia wa Mama Mashine, anamnyoa mtu kwa maneno kama kawaida yake. Niliingia mwisho wa safu ya kushoto. Walikuwa wamebaki wawili pale, nikawa wa tatu. Sajini alinitazama, nikatikisa kichwa. Akatazama mbele.

Filimbi ya pili ikalia.

Walihesabu kwa kugusa kila mtu begani. Upande wetu walimaliza upesi, kwa sababu safu tatu zilizonyooka ni rahisi kuhesabu, na msimamizi alitusifu kwenye kipaza sauti. Upande wa Mama Mashine walihesabu mara tatu, maana watu walikuwa wanainuka na kukaa. Kisha akasoma. Kanali, mia tatu tisini na moja. Mama Mashine, mia nne ishirini na nane.

Mstari wa upande wa pili ukavunjika, watu wakamiminika kwa Mama Mashine wakimnyanyua na ndoo yake. Sisi hatukuvunjika. Hakuna aliyekuwa ametoa amri.

Ndipo Baba Mkubwa alipogeuka. Aligeuka kama paredini, kwa kisigino na kidole, akatazama watu wake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilikuwa mwisho, lakini yeye ni mrefu, uso wake niliuona. Kwa kitambo kidogo ulikuwa uso wa mtu aliyefurahi. Safu zilikuwa zimenyooka kutoka kwake hadi kwangu, hakuna kichwa kilichotoka nje. Kisha akatazama vumbi la mstari wa wenzetu, lilivyochorwa na miguu, likipita vyoo mpaka langoni. Akarudisha macho kwetu. Nikamwona anahesabu safu. Moja, mbili, tatu.

Alitembea katikati ya safu, akampa kila mtu mkono, mmoja mmoja, watu mia tatu na tisini na moja. Mlinzi wa benki alimpigia saluti, akaipokea. Mama Mkubwa alimshika mkono kwa muda kuliko wengine, akasema, "Haya, utanipangia vyombo." Alipofika kwangu ilikuwa imepita karibu saa nzima.

"Hili ndilo ulilokuja kuniambia?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Mbona hukupaza sauti?"

"Sijui kupaza sauti."

Kisha akarudi mbele kabisa, akasimama, akatuambia tutawanyike. Tukatawanyika.

Siku mbili hakutoka ofisini. Sajini alikuja asubuhi, akaosha gari, akakaa ndani yake mpaka jioni. Siku ya tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa jikoni napima mahindi kwenye ndoo. Baba Mkubwa aliingia amenyoa ndevu, amevaa shati la maua madogo ambalo halikuwa na wanga popote.

"Mstari wa pale unaanza saa ngapi?"

"Saa hizi watu wameshafika. Lakini hauna saa, Baba Mkubwa. Unaweka ndoo."

"Na mtu akiondoka?"

"Mwingine anamsukumia ndoo yake."

Alilifikiria hilo. Akainama, akashika ndoo kwa mkono. "Leo nitapeleka mimi."

Mama Mkubwa alikuwa mlangoni na kikombe. "Wewe? Mashineni? Nani amekutuma?"

Baba Mkubwa alisimama na ndoo yake. Nilidhani atakasirika. Alinitazama, akaninyooshea kidevu.

"Huyu," alisema.

Mama Mkubwa alinigeukia. Wote wawili walikuwa wananingoja niseme kitu. Nilimwambia Baba Mkubwa kwamba unga ukitoka mashineni unakuwa wa moto, asiufunike mapema, utatoa jasho.